Jirani wa Nambari 44

Jioni ya leo sikuwaletea habari za vita wala za bei ya mkonge. Muradi wangu ni kuwazungumzia mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano na ushei, aitwaye Bertie, ambaye kwa muda wa miezi mitano sasa amekuwa gumzo la baraza yetu hapa Ngamiani, mjini Tanga, hata mpita njia akiyasikia mabishano yetu baada ya sala ya isha hudhani kwamba tuna shauri la mtoto wa mtaa aliyetoroka chuoni, na yupo aliyesimama kutuuliza kama ameshapatikana. Mtoto huyo hakuzaliwa na mwanamke yeyote. Ni mtu wa riwaya, na tena riwaya ya mji wa mbali, mji wa baridi na wa mawe ya kijivu, ambao katika sisi sote tunaokaa pale barazani hapana hata mmoja aliyepata kuuona.

Kisa kilianza kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake na yangu zimeachana kwa upana wa uchochoro, na ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukiazimana yale ambayo majirani huazimana: kinu, ngazi, mbuzi ya kukunia nazi, na siku moja ya dharura, kanzu ya kwendea harusini. Nilimwazima kitabu kiitwacho 44 Scotland Street, cha Alexander McCall Smith, ambacho mpwa wangu aliniletea alipokuja likizo kutoka ughaibuni. Naye, badala ya kukisoma kimya kimya kama wafanyavyo watu wengine, aliketi barazani usiku ule akatusimulia sura ya kwanza kwa Kiswahili chake kile cha darasani; usiku wa pili akatusimulia ya pili; na tangu hapo hatukumpa nafasi ya kupumua.

Scotland Street ni njia ya kweli katika mji wa Edinburgh, huko Uskoti, katika ile sehemu waiitayo Mji Mpya, ingawa upya wake ni wa hesabu za Waskoti peke yao, kwani ilianza kujengwa katika karne ya 18. Njia ipo, lakini nyumba ya nambari 44 haipo. Mwandishi ameiongeza kwa kalamu yake, kama vile mtu wa Ngamiani, ambako barabara zetu zinaitwa kwa nambari, angejibunia barabara moja zaidi baada ya ile ya mwisho na kuijaza watu. Na watu aliowaweka katika nyumba hiyo, na katika mitaa iliyo jirani nayo, ni wa aina ambayo kila mmoja wetu amepata kuiona ikipita mlangoni pake. Yuko Pat, msichana wa miaka 20 aliyepanga chumba na asiyejua bado afanye nini na maisha yake. Yuko Bruce, kijana mpimaji wa majumba, apendaye kioo kuliko apendavyo binadamu, ambaye nywele zake huzipaka mafuta yanukayo karafuu. Na hapo mzee mmoja wa baraza yetu, mwenyeji wa Pemba, aliinua mkono akasema kwamba kwa mara ya kwanza ameona riwaya ya Kizungu ikisema jambo lenye akili. Yuko Domenica, mama mtu mzima, msomi wa mila za mataifa, ambaye hapana asilolifahamu la jirani zake. Yuko mchoraji Angus Lordie, pamoja na mbwa wake Cyril mwenye jino moja la dhahabu. Yuko na Big Lou, mwanamke wa shamba kutoka pande za Arbroath, aliyenunua duka la vitabu akaligeuza kuwa duka la kahawa, lakini kwa kuwa vitabu vilikuwamo ndani alipolinunua, na yeye si mtu wa kutupa kitu kilicholipiwa, ameamua kuvisoma vyote.

Katika riwaya nzima hapana aliyeuawa, hapana ufalme uliopinduliwa, wala hapana hazina iliyozikwa chini ya mbuyu. Jambo lililo karibu zaidi na taharuki ni picha moja ya rangi ambayo pengine ni ya thamani kubwa na pengine si kitu, ambayo inapotea kwa uzembe, inazunguka mjini, na hatimaye inaangukia mikononi mwa Ian Rankin, ambaye ni mwandishi wa kweli wa mji huohuo, mtu aliye hai, aliyeingizwa katika riwaya ya mwenziwe kama vile mtu anavyokaribishwa kahawa apitapo njia. Basi ni kitu gani kinachowaketisha watu wazima, mafundi na wavuvi na wastaafu, wasiende kulala, kwa ajili ya picha ambayo huenda si kitu?

Nimelifikiri swali hilo kwa siku nyingi, na kabla sijatoa nadhari yangu sina budi nieleze jinsi riwaya yenyewe ilivyoandikwa, kwa sababu jibu, kwa nionavyo mimi, limo humo.

McCall Smith alizaliwa mwaka 1948 mjini Bulawayo, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Akawa profesa wa sheria za utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akafundisha sheria Botswana pia, na kutokana na nchi hiyo akapata yule bibi mpelelezi, Mma Ramotswe, ambaye tangu mwaka 1998 amempatia wasomaji ulimwenguni kote. Siku moja, akiwa katika safari Marekani, alialikwa katika nyumba ya mwandishi Amy Tan mjini San Francisco, na humo akakutana na Armistead Maupin, ambaye mwaka 1976 alikuwa ameanza kuandika katika gazeti la San Francisco Chronicle riwaya ya sehemu sehemu juu ya wapangaji wa nyumba moja, nambari 28 Barbary Lane, na mama mwenye nyumba wao, Bi Madrigal. Aliporudi kwao, McCall Smith aliandika makala akisikitika kwamba magazeti ya siku hizi yameiacha desturi hiyo njema. Wakuu wa gazeti la The Scotsman wakaisoma, wakamwita kula chakula cha mchana, wakamwambia: vema, tuandikie sisi. Waandishi wa zamani walikuwa wakitoa sehemu moja kwa juma au moja kwa mwezi. Yeye akakubali kutoa moja kila siku ya gazeti, kabla hajaipima vizuri nira aliyojivika. Mwaka 2004 riwaya ikaanza kutoka, na ikaendelea kwa zaidi ya sehemu 100, mwandishi akimtangulia mpiga chapa kwa sura chache tu, kama mtu anayetandika zulia huku mgeni anakuja nyuma yake akilikanyaga.

Sasa zingatieni, wasikilizaji, maana ya kazi hiyo. Mtungaji wa kitabu cha kawaida ana faragha na ana rehema ya muda: akimfanya mtu wake mwovu katika sura ya tatu, na katika sura ya thelathini akaona kwamba amekosea, hurudi akafuta, na hapana ajuaye. Mtungaji wa mfululizo hana ruhusa hiyo. Alilosema Jumatatu limekwisha kusomwa Jumatatu, limezungumzwa kazini na kwenye basi, na Jumanne hana budi kuishi nalo. Akimtukana mtu wake leo, kesho atakutana naye tena ngazini. Kwa ibara nyingine, mtungaji wa kitabu kizima ni kama msafiri alalaye usiku mmoja katika mji, ambaye aweza kuwasengenya wenyeji apendavyo kwa kuwa asubuhi ataondoka; lakini mtungaji wa mfululizo ni jirani. Na jirani, hata awe na ulimi mkali namna gani, hujifunza stahamala, si kwa wema wa tabia yake daima, bali kwa kuwa bomba la maji ni moja na uchochoro ni mmoja.

Upole wa riwaya hizi, kwa maoni yangu, unatokana na hapo. Wengi hudhani kwamba ni upole wa mwandishi mwenye moyo laini, na yamkini McCall Smith ana moyo laini, sijui, sikukutana naye. Lakini naona kwamba hata mtu mwenye moyo mgumu, akilazimishwa kuwaandika watu walewale kila siku mwaka baada ya mwaka, mwisho wake atawaonea huruma.

Shahidi wangu ni bibi mmoja Mwingereza, Elizabeth Gaskell. Mwezi wa Desemba mwaka 1851, katika gazeti la kila juma lililosimamiwa na Charles Dickens, bibi huyu alitoa kipande kimoja juu ya mji mdogo aliouita Cranford, ambamo mabibi wasioolewa na wajane, wenye nasaba nyingi na fedha kidogo, wanatawala mtaa kwa adabu na umbeya, wakijitia kuwa wanapenda kutembea kwa miguu usiku kwa sababu hewa ni nzuri, na sababu hasa ni kwamba hawana nauli. Katika mji huo wa wanawake alimleta mwanamume mmoja, Kapteni Brown, askari mstaafu, maskini, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, asiyeona haya kusema hadharani kwamba hana kitu. Mabibi walimchukia, kisha wakamstahi, kisha wakampenda. Halafu Bibi Gaskell akamwua: Kapteni alikuwa amesimama kituoni akisoma, akainua macho akamwona mtoto amekimbilia njia ya reli, akamrukia akamwokoa, na gari la moshi likampitia yeye.

Kilichofuata kilimsumbua bibi huyo kwa miaka. Watu walikipenda kile kipande, Dickens akaomba kingine, na kingine, mpaka mwaka 1853. Na Bibi Gaskell akakiri baadaye katika barua kwamba hakuwa amekusudia kuandika zaidi ya mara ile moja, na kwamba ndiyo maana alimwua Kapteni Brown, na alimwua pasipo kupenda. Mnaona, wasikilizaji? Alimwua alipokuwa msafiri. Laiti angalijua kwamba atahamia Cranford na kukaa huko, angalimwacha mzee wa watu amalizie ukurasa wake. Na katika sehemu zote zilizofuata, ingawa vifo havikukosekana, hapana tena aliyeondolewa kwa pigo kama lile. Jambo kubwa ni kuvunjika kwa benki iliyokuwa na akiba ya Bi Matty, na shoga zake kukutana kwa siri ili wamchangie bila yeye kufahamu, kila mmoja akiandika kiasi chake katika karatasi iliyofungwa. Wale mliopata kushiriki mchango wa namna hiyo, wa kumsitiri jirani asijue kwamba anasitiriwa, mtaona kwamba Cranford si mbali sana na kwetu.

Yafaa niongeze kichekesho kidogo. Kitabu alichokuwa akikisoma Kapteni kabla ya mauti yake, kwa maandishi ya Bibi Gaskell, kilikuwa ni sehemu mpya ya Pickwick, riwaya ya mfululizo ya Dickens mwenyewe, iliyotoka kila mwezi kwa shilingi moja kuanzia mwaka 1836, na ambayo ilianza kwa nakala zipatazo 1,000 na kumalizika kwa 40,000. Dickens, akiwa msimamizi wa gazeti, aliona haya kutajwa katika gazeti lake, akalifuta jina la kitabu chake akaweka la mtu mwingine. Bibi Gaskell alipochapisha kazi yake kama kitabu, alilirudisha. Basi Kapteni maskini alikufa mara mbili, kila mara na kitabu tofauti mkononi.

Mtasema: lakini hadithi ya kuendelea si jambo la Waingereza, mbona mwanamke wa kwanza kuikata hadithi mahali pa utamu na kuahidi kesho ni Shahrazadi? Ni kweli, nami namvulia kofia. Lakini kuna tofauti. Shahrazadi alisimulia chini ya upanga. Mfalme alisikiliza kwa shauku, na yeye alisimulia kwa hofu, na kwa hiyo hadithi zake hazina budi kuwa na majini, farasi warukao, na miji iliyogeuzwa shaba, kwa maana hadithi ya mama mmoja aliyemnunulia mwanawe suruali ya rangi asiyoipenda isingalimwokoa shingo yake hata usiku mmoja. Riwaya za majirani zahitaji amani kwanza. Zahitaji msikilizaji ambaye hatamchinja mtu.

Na suruali niliyoitaja si ya mfano. Bertie, yule mtoto wetu, ana mama aitwaye Irene, ambaye ameamua kumlea mwanawe kwa elimu ya nafsi na kanuni za wataalamu. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anafundishwa Kitaliano, anafundishwa kupuliza saksafoni, chumba chake kimepakwa rangi ya waridi ili asikue na tabia za kiume zisizofaa, na suruali yake nayo ni ya rangi ya tunda jekundu lililopondwa. Siku alipolitia moto gazeti la baba yake, baba akiwa analisoma, alipelekwa kwa tabibu wa nafsi, Daktari Fairbairn, ambaye kwa fikira ya mtoto ndiye mgonjwa. Bertie mwenyewe hataki makuu: anataka kwenda kuvua samaki, kupanda gari la moshi, kucheza mpira na watoto wenziwe, na kuwa na kisu kidogo cha kukunja. Na kila mara anazungumza kwa adabu. Hapo ndipo panapochoma. Angalikuwa mtukutu, tungalicheka tukapita. Lakini mtoto anayemwambia mama yake asante kwa jambo linalomtesa ni mtihani mzito kwa wanaume wa baraza.

Ningalipenda mngalikuwapo usiku ule suruali ilipotajwa. Fundi seremala wetu, mtu mkimya ambaye tumemzoea kwa kusikia maneno yake matatu kwa juma, alisimama na kikombe cha kahawa mkononi akauliza: na baba yake yuko wapi? Mwalimu akajibu kwamba baba, Stuart, yupo, ni karani mwema wa serikali, lakini mbele ya mkewe sauti humkauka. Fundi akasema, basi huyo ni mume wa picha. Mzee wa Pemba akamtetea Stuart, akisema kwamba mwanamume atakaye amani nyumbani hana budi kunyamaza mara nyingi kuliko watu wanavyojua, na hapo kila mtu akatazama kando. Kijana muuza kahawa akatoa shauri kwamba mtoto apelekwe kwa bibi yake akalelewe huko. Ndipo kutoka ndani, nyuma ya dirisha, ikasikika sauti ya mke wa mwalimu, ambaye sote tulidhani amelala, ikisema kwamba sisi hatumwelewi yule mama: ana akili nyingi na kazi hana, mtaa mzima wamwogopa na hapana amtembeleaye, na mtoto ndiye kitabu peke yake alichopewa akiandike. Basi tukanyamaza. Na toka siku ile Bi Irene, ingawa hapana ampendaye, hapana tena amtukanaye bila kuangalia dirishani.

Nimeisimulia habari hiyo kwa urefu kwa sababu yaonyesha kile ambacho wataalamu wa fasihi, wakiandika juu ya riwaya za namna hii, hukipita kwa haraka. Wasomaji wa Edinburgh nao walimwandikia mwandishi kumshitaki Irene na kumtaka amwokoe mtoto. Na mwandishi, mwaka baada ya mwaka, kitabu baada ya kitabu, hakumwangamiza. Alimpa mtoto wa pili, Ulysses, ambaye sura yake, kwa bahati isiyoelezwa, yafanana sana na ya Daktari Fairbairn. Na mwisho, baada ya miaka mingi, akampeleka Aberdeen kuendelea na masomo, jambo ambalo ni afueni kwa wote na si fedheha kwa yeyote. Tuliofunzwa chuoni twakumbuka jinsi Jibrili alivyomwusia Mtume wetu haki za jirani hata akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Lakini sikumbuki kufunzwa kwamba jirani huyo sharti awe mtu wa kupendeka.

Yuko mjomba wa kijana muuza kahawa, mtu aliyesoma sana na mwenye kupenda siasa, ambaye amekuja barazani mara mbili na mara zote mbili ameondoka kwa hasira. Hoja yake ni kwamba riwaya hizi ni usingizi: watu wa Mji Mpya wana nyumba, wana matibabu, wana picha za kupoteza, na sisi tunaojua kodi ya nyumba na mgao wa umeme tunapumbazwa kwa shida za mtoto anayefundishwa Kitaliano. Siidharau hoja hiyo. Ni kweli kwamba McCall Smith hakai sana kwenye vibanda, na ni kweli kwamba zipo sura ambamo utamu umezidi hata chai ingalirudishwa. Lakini hoja hiyo yadhani kwamba upole na msiba havikai chini ya dari moja, na hilo Maupin alikwisha kulikanusha. Alipokuwa akiendelea kuwaandika majirani wake wa Barbary Lane, UKIMWI uliingia San Francisco, na mwandishi, ambaye watu wake walikuwa ndio hasa watu waliokuwa wakifa, hakuufungia mlango. Mmoja katika wapendwa wa wasomaji akafa kwa maradhi hayo katika riwaya iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1984, wakati ambapo waandishi wa hadithi karibu wote walikuwa bado hawajayataja. Wasomaji walilia kwa sababu walikuwa wameishi naye kwa miaka, asubuhi kwa asubuhi, wakinywa kahawa. Msiba wa mgeni husikika. Wa jirani huingia ndani.

Nasi wenyewe twalijua jambo hilo kwa njia ya redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na nani asiyemkumbuka Mkwaju, dereva wa malori, mwenye mke nyumbani na wanawake kila kituo? Mchezo ule ulitungwa ili kufundisha, nao ulifundisha. Lakini watu hawakukimbilia nyumbani jioni ili wafundishwe. Walikimbilia kwenda kumwona Tunu, mkewe, kama ataweza leo kusimama kwa miguu yake, na walimsema Mkwaju kwenye vituo vya mabasi kama mtu waliyemkopesha fedha.

Kuhusu kicheko nitasema machache, kwa maana kicheko kikielezwa hufa. Katika gazeti la Punch la London, mwaka 1888, ndugu wawili, George na Weedon Grossmith, walianza kutoa shajara ya karani mmoja wa kubuni, Bwana Pooter, mtu mwema, mnyofu, mwenye kujiona kidogo. Bwana huyu alinunua rangi nyekundu, na kwa furaha ya rangi akapaka kila kitu nyumbani, hata birika kubwa la kuogea. Kisha akaingia katika maji ya moto, rangi ikayeyuka, akainua mkono akauona umejaa wekundu, akajua kwamba mshipa umepasuka na kwamba hiyo ndiyo saa yake. Twamcheka, naam. Lakini angalieni kwamba twamcheka tukiwa tumesimama karibu naye, na taulo mkononi. Kicheko cha dhihaka chahitaji umbali. Huwezi kumdhihaki mtu ambaye juma lijalo utamkuta tena akilima bustani yake.

Jambo la mwisho lililowafurahisha wa baraza ni kwamba vitabu vya Scotland Street humalizika kwa karamu. Majirani wote hukutanika nyumbani kwa mmoja wao, wapatanao na wasiopatana, na baada ya chakula Angus Lordie husimama akasoma shairi. Mwalimu alipotusimulia sura hiyo ya kitabu cha kwanza, mzee wa Pemba alitikisa kichwa kwa taadhima akasema kwamba sasa amesadiki kuwa Waskoti ni watu wastaarabu, maana karamu isiyo na shairi ni kula tu.

Sasa tumo katika kitabu cha pili, ambacho mwalimu alikuja kukichukua kwangu mwenyewe, akirudisha na sahani yangu ya mwezi wa Shaabani, ikiwa na visheti, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Kitabu cha kwanza hajakirudisha. Nilimwuliza, akasema kwamba mkewe anakisoma upya, naye ni sura moja kwa siku, maadamu ndivyo kilivyoandikwa, na kumharakisha ni kumvunjia mwandishi heshima. Sikuwa na jibu.

Juzi usiku alitufikisha Glasgow. Stuart, baba wa watu, aliliegesha gari la nyumbani huko siku za nyuma akasahau kabisa, akarudi kwao kwa gari la moshi. Na sasa amekwenda kulitafuta, amefuatana na Bertie, ambaye hajapata kuwa na siku ya furaha kama hiyo maishani mwake, na katika kulitafuta wameingia nyumbani kwa mtu mmoja mnene sana, mwenye marafiki wa kutisha, ambaye kwa dalili zote ni mkubwa wa wezi. Mwalimu akafunga kitabu. Jana alfajiri akasafiri kwenda Pangani kwa harusi ya mpwa wake, siku nne, na kitabu amekwenda nacho.

Usiku tulikaa kama kawaida. Kahawa ilikuja, kashata zikaja, mazungumzo hayakuja. Fundi seremala alitoa shauri kwamba apatikane mtu wa kutumwa Pangani. Halafu wote wakageuka wakanitazama mimi, maana wanajua kwamba vitabu ni vyangu na kwamba nimekwisha kuvisoma, na mzee wa Pemba akaniuliza kwa sauti ya upole, kama mtu aulizaye habari za mgonjwa, kama yule mtoto atatoka salama katika nyumba ile. Nikaomba kikombe cha pili cha kahawa, nikakinywa polepole, na hata saa hii ninapozungumza nanyi sijamjibu.